Fundi wa baiskeli za chuma za zamani pale Majengo: nimempelekea Raleigh ya marehemu baba, haya ndo niloyaona

Nimekaa na hii baiskeli wiki saba tangu niichukue kwa fundi, na ni makusudi, manake kazi ya fundi haijulikani siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila kitu chang'ara na kila nati imekazwa. Ngoja mvua ipige, ngoja chumvi ya hii bahari yetu ipite kwenye spoku, ngoja uvuke daraja la Nyali uende na urudi mara ishirini, hapo ndo utajua pesa yako ilienda wapi. Sasa najua, kwa hivyo naandika, na ntaandika kirefu kwa sababu watu wananisimamisha barabarani kuniuliza hii umetengenezea wapi nami huwapa nusu nusu kwa haraka halafu naondoka najilaumu kwamba sikuwaambia lile la muhimu.

Mahali penyewe ni Majengo, hapa Mombasa, ukiwa watoka Mwembe Tayari. Ni kibanda cha mabati hakina jina wala bango, alama yake ni rimu kuukuu ya inchi 28 imetundikwa juu ya mlango, uliza tu fundi wa Raleigh utaonyeshwa. Wateja wote twamuita Ami, jina lake kamili siliweki kwa sababu hakunipa ruhusa. Ni mtu mzima, ukifika ni shikamoo kwanza, ukae, kisha ndo baiskeli. Na hatoi bei mpaka aipindue baiskeli magurudumu juu azungushe moja moja kwa kidole huku ameinamisha sikio. Kazi yake ni baiskeli za chuma za zamani tu, Raleigh, Humber, Rudge, Phillips, BSA, na pia hizi blakimamba, yaani baiskeli nyeusi nzito za mizigo, za Hero na Avon za India na Phoenix za China. Ukimpelekea ile ya aluminiamu yenye giya ishirini na moja atakuelekeza kwa jirani bila kinyongo.

Yangu ni Raleigh ya wanaume, fremu ya inchi 24, magurudumu ya 28, breki za vyuma zile za fito zisizo na waya, giya tatu, na kava ya cheni ile kamili inayofunika cheni yote. Baba aliiendesha kutoka Tudor mpaka bandarini Kilindini miaka yote ya kazi yake. Alipofariki ikakaa uani nyuma ya tangi la maji, chini ya turubai, na sote tukawa twaipita tu.

Kabla sijamjua Ami nilikosea, wacha niseme ili mwingine asirudie. Niliipeleka kwa fundi mwingine, mtaa mwingine, simtaji manake naye atafuta riziki. Alichukua nyundo akagonga kotapini, zile pini zinazofunga krenki (mikono ya pedeli) kwenye ekseli, vile zilivyo, bila kuegemeza kitu chini ya krenki, kila pigo laenda moja kwa moja kwenye golori. Moja ikatoka, ya pili ikapondeka kichwa ikabidi aikate kwa msumeno. Akaweka mpya mbili, lakini moja kaiingiza kinyume, basi pedeli zikawa hazitazamani, wa kulia ukifika chini kabisa wa kushoto bado haujafika juu, nikawa naendesha kama mtu anayechechemea. Kisha akasema kapu ya kushoto, kile kikombe cha chuma kinachoshikilia golori pale kwenye ekseli ya krenki, imekwisha, akaleta mpya akaanza kuifunga, ikaingia mizunguko miwili ikagoma, naye akaenda kutafuta kipande cha bomba aongezee nguvu kwenye spana. Hapo nikamwambia bwana nakuomba wacha, nikalipa nikaichukua baiskeli yangu nikaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani kwenye jua la saa saba.

Ami alipoiona ile kapu hakusema neno. Alienda ndani akarudi na kipimo chake cha thredi (ile mistari ya kufungia kama ya skrubu), kile cha vibati vingi vyembamba vyenye meno, chafunguka kama kisu cha mfukoni. Akachagua kibati akakiweka juu ya kapu mpya ile ya fundi wa kwanza, akainua kwenye mwanga, meno yakalala sawasawa. 24. Akakiweka kile kile juu ya kapu ya asili, ukaona mwanga wapenya katikati, meno yamekaa juu juu. Akabadilisha kibati, 26, yakalala. Akaniambia, "Waona mwanangu, Raleigh walijikatia thredi yao wenyewe, 26 kwa inchi, huku wenzao wa Uingereza wako 24. Ukiilazimisha itaingia, lakini itaingia ikila." Kwa jicho tupu huwezi kujua, nimeziangalia ubavu kwa ubavu na naapa ni kitu kimoja. Na hiyo thredi ya 26 iko kule mbele pia, kwenye kapu za shingo ya uma. Kama una Raleigh ya zamani na hujui jambo lingine lolote kwenye haya yote, jua hilo moja, manake fremu ikishaliwa hapo huna dukani pa kununua nyingine.

Yangu ilikuwa imeliwa mizunguko miwili tu ya mwanzo. Alichukua kapu moja kuukuu ya Raleigh ambayo ameikata mianya mitatu kwa tupa, akaipaka mafuta akaizungusha pole pole mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama robo saa hivi, inasafisha thredi na vumbi la chuma latoka kwenye mianya. Na kapu yangu ya asili haikuwa na ubaya wowote, zilizokwisha ni golori. Akaweka mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, akazihesabu kwa sauti mbele yangu. Kotapini akazitoa kwa jiriwa kidogo alichokitengeneza mwenyewe, anaibana pole pole mpaka yatoka bila nyundo, na mpya akazipiga tupa moja moja mpaka krenki zote mbili zikawa mstari mmoja. Nilipanda nikazunguka mtaa nikarudi nikamwambia Ami miguu yangu imepata amani.

Sasa kitu ambacho mimi ndo naona kinamtofautisha na mafundi wengine. Nilifika kwake nikiwa nimeshaamua kuipiga rangi upya. Nyeusi ya kung'ara, na zile stika nilishaziona zauzwa mtandaoni. Nikamwambia. Akanyamaza, akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akachagua sehemu ya bomba la chini upana wa kiganja akasugua. Nilidhani rangi imekufa, ilikuwa rangi ya majivu. Akasugua, akasugua, ikaanza kutoka nyeusi, kisha katikati ya nyeusi ukatokea mstari mwembamba wa dhahabu, mzima kabisa, wapinda kidogo pale ambapo mkono wa mchoraji ulipinda. "Rangi ya babako iko hapa, wataka nikuekee ya kopo?" Sikuwa na jibu.

Basi hakupaka hata tone. Ni sabuni, kisha polishi ya gari. Kromu aliisugua kwa karatasi ya foili ile ya kufungia chakula, imechovywa maji matupu, kutu inatoka na kromu haichubuki kama vile ungetumia msasa au steliwaya. Pale ambapo kromu imeshatoka kabisa ameacha, akapaka mafuta tu. Kwenye bomba la juu kuna mahali rangi imekwisha mpaka chuma chaonekana, ni pale baba alipokuwa akifunga kamba ya kikapu chake. Ami aliuliza ni nini, nikamwambia, akapapaka nta papo hapo kutu isije, akaendelea. Fundi mwingine angeniuzia rangi ya elfu nne na lile alama ningelipoteza milele, tena kwa pesa zangu.

Kuna habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Hii ndo nilikuwa naiogopa zaidi, manake ilikuwa giya ya pili tu ndo yafanya kazi, ya tatu yaruka. Ni Sturmey-Archer AW, giya tatu zote zimo ndani ya habu, kitu ambacho kilianza kutengenezwa 1936 na muundo wenyewe haukubadilika sana kwa miongo mingi. Giya ya pili ni moja kwa moja, ya kwanza inapunguza kwa robo, ya tatu inaongeza kwa theluthi. Ami aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kutafuta namba, manake Sturmey-Archer walikuwa wakipiga mhuri wa tarehe kwenye ganda la habu. Ikatokea: AW, chini yake 71, pembeni 9. Yaani Septemba 1971.

Hapa lazima nisimame kidogo. Mama siku zote husema baba aliinunua mwaka aliozaliwa kaka yetu mkubwa, na kaka ni wa 1972. Sisi watoto tulikuwa twambishia, twamwambia mama hii ni ya kabla ya uhuru, angalia ilivyo, mwaka 72 hawakuwa watengeneza vitu kama hivi. Nikampigia simu palepale nimepiga magoti kwenye vumbi la kibanda nikamsomea namba. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mie nliwambia." Habu ikatoka kiwandani Septemba 1971, ikafungwa, ikapakiwa melini, ikaja Mombasa, baba akainunua 72. Yalinga kabisa. Kwa hivyo nyie mnaobishana umri wa Raleigh za babu zenu, funueni habu ya nyuma mfute grisi, kama ni ya giya tatu tarehe iko pale, ingawa yataka ujue habu nyingine zishabadilishwa njiani, kwa hivyo ilinganishe na vingine.

Aliifungua juu ya gazeti, kila kipande akikipanga kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia na hakuna ruhusa ya mtu kupita upande huo. Ndani kulikuwa na grisi nyeusi imeganda kama lami. Mtu aliijaza grisi zamani akidhani anaisaidia. Ndani kuna vikucha vinne vidogo, kila kimoja na springi yake nyembamba kama unywele, hivyo ndo vinavyoshika na kuachia ukibadilisha giya, na vikizama kwenye grisi nzito havisimami, basi giya yaruka. Aliosha vyote kwa mafuta ya taa, akabadilisha springi zote nne, akafunga, akatia mafuta mepesi ya mashine kupitia kile kitundu chenye kifuniko kidogo cha plastiki kwenye ganda. Grisi huwekwa kwenye golori za pembeni tu. Akanikanya: matone machache kila mwezi, na mafuta ya kupikia usithubutu, yanageuka gundi.

Kuiseti giya ndo nilipenda sana, manake alinifunza nifanye mwenyewe. Unaweka namba mbili, unachungulia kwenye kile kitundu cha nati ya kulia pale kacheni kadogo kanapoingia, ile pini ya ndani mwisho wake unatakiwa uwe sawa na mwisho wa ekseli. Ikiingia ndani sana ama ikitokeza sana unazungusha kile kirekebisho cha waya. Dakika moja. Usipoiseti, kati ya pili na tatu kuna mahali patupu, pedeli yazunguka haishiki kitu, na kama ulikuwa umesimama juu ya pedeli unakandamiza utaangukia lile bomba la juu. Nina rafiki kaumia hivo, si mchezo.

Vipuri vidogo vya hizi habu vyapatikana bado, watu wengi hawajui. Sturmey-Archer haikufa, ilinunuliwa na SunRace wa Taiwan mwaka 2000 na giya tatu zaendelea kutengenezwa. Si kila cha mpya chaingia kwenye ya zamani, hapo umuulize Ami kwanza usije ukaagiza kitu cha bure.

Breki sitawadanganya. Fito zote amezinyoosha, vipira vipya ameweka, kikavu yashika vizuri tu. Lakini hizi breki vipira vyabana rimu kutoka chini kwa ndani, na rimu ni ya chuma yenye kromu, ikilowa mvua ni kama wabana sabuni. Nilishuka Nyali mvua ya ghafla imenipata juu, nikabana mapema kama alivyoniambia, bado ilichukua muda mrefu mno kusimama na kuna matatu mbele yangu. Hilo si kosa la fundi, aliniambia kabla sijalipa kwamba kwenye mvua uende kama unabeba mayai. Wenye kutaka kuiendesha kila siku masika yote, mjue.

Tairi za 28 hakuna shida, hizi blakimamba za wauza madafu na wauza mikate zatumia saizi hiyo hiyo, 28 kwa moja na nusu, maduka yote yanazo. Hata hesabu ya spoku ni ile ile ya Kiingereza, 32 mbele na 40 nyuma, kwa hivyo rimu nazo unapata. Wanaoteseka ni wenye zile Raleigh nyepesi za 26. Akikuuzia mtu tairi ya 26 ya baiskeli ya milimani haitaingia hata uipake sabuni debe zima, manake ile ya zamani ya 26 kwa moja na tatu ya nane rimu yake ni milimita 590 na hii ya milimani ni 559. Namba ni ile ile kwenye midomo ya watu, tairi ni tofauti kabisa. Soma ile namba ndogo ubavuni mwa tairi kabla hujatoa pesa.

Kiti ni Brooks, B66, ngozi, na springi mbili nyuma. Kaka yangu kwa nia njema kabisa alikuwa akikipaka mafuta ya nazi miaka miwili, ngozi ikawa laini ikashuka katikati kama chandarua. Nilidhani ni cha kutupa. Ami alikaza bolti ya mbele chini ya pua nusu mzunguko tu, akakataa kuongeza, anasema ukikaza sana ngozi yachanika kwenye riveti. Kisha akatoboa matundu kwenye zile mbawa mbili za chini akazifunga pamoja kwa uzi wa kushonea viatu, kushoto kulia kushoto kulia. Kimesimama. Si kama kipya, lakini mifupa haigusi chuma tena, na mvua ikija nakifunika mfuko wa plastiki.

Jumamosi baada ya alasiri ndo wakati wa kwenda hata kama huna cha kutengeneza. Wanatandika magunia nje pale kivulini, kila mtu aleta alichonacho, wazee wa Raleigh, vijana wa kazi ya kupeleka mizigo, na wale ambao hawana baiskeli kabisa ila wana sanduku la vipuri la babu yao. Muuza kahawa apita na dele lake, kashata zipo, na biashara nyingi ni ya kubadilishana tu, pesa huongezewa juu kidogo kusawazisha. Mimi nilitoa kengele mbili za zamani na pampu ya Bluemels nikapata cheni ring ya Raleigh ile yenye vichwa vitatu vya korongo, manake yangu meno yalikuwa yameshakuwa makali kama ya papa. Huyo korongo ndo nembo ya Raleigh, wamemchonga hata kwenye gurudumu la meno, ukiiona yazunguka kwenye jua ni raha.

Jumamosi moja alikuja kijana na Dynohub ya Sturmey-Archer, GH6, ile habu ya mbele inayotoa umeme wa taa, volti 6 wati 2. Aliipata kwa elfu mbili, akaifungua nyumbani kuiosha, akaifunga, na taa ikawa yawaka kama njiti inayozimika. Ami alimuuliza swali moja tu, "Ulitoa sumaku ukaieka wapi?" Kumbe ile sumaku ya duara huwezi kuitenganisha na koili yake hivi hivi, lazima uisukume iingie moja kwa moja kwenye pete ya chuma, bila hivo yapoteza nguvu pale pale na hairudi mpaka itiwe sumaku upya. Kijana alisikitika mpaka sote tukanyamaza. Lakini Ami hakumkaripia, akamwambia ilete, kuna mtu wa mota namjua tutajaribu. Yaani mtu kama huyo hata ukikosea hujuti kumwendea.

Siku hiyo hiyo kuna bwana alileta Raleigh ya kuuza, elfu kumi na nane, beji mbele yang'ara. Wawili walikuwa tayari kuhesabu pesa. Ami akaipindua. Uma wa mbele haukuwa na zile kofia mbili za kromu begani, gurudumu la meno tupu halina korongo, namba ya fremu haiko pale inapotakiwa kuwa, chini ya kiti. Beji ilikuwa ya kweli, fremu ya kampuni nyingine. Sasa angeweza kusema kwa sauti. Alimshika yule bwana mkono akamvuta pembeni wakaongea, na yule bwana akarudi akasema bei ni elfu saba na ni fremu ya blakimamba, naye pia alikuwa ameuziwa hivo. Ikanunuliwa kwa elfu sita na nusu na kila mtu akaenda kwao na uso wake.

Sasa yasiyopendeza, manake yapo. Muda. Aliniambia wiki mbili, ikawa tano. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini siku nzima, ujumbe hajibu, lazima uende mwenyewe, na kwa mtu wa Mtwapa ama Likoni hiyo ni nauli na nusu siku. Risiti hakuna, kila kitu ni kwa daftari lake la shule lenye maandishi ya kalamu ya risasi. Kibanda ni kidogo na baiskeli za watu zimelala nje mchana kutwa juani, zaingizwa usiku tu, mimi nilikuwa naenda kuangalia yangu roho juu. Na spoku. Aliniwekea za chuma za kawaida zilizopakwa zinki, na wiki ya tano nikaona kutu ya machungwa imeshaanza pale kwenye nipeli, kwa hii hewa ya chumvi haishangazi. Nilipomrudia hakubishana, alisema za chuma kisichoshika kutu zilikuwa hazipatikani wakati ule na angeniambia, na hilo ni kosa lake. Amesema ataagiza, ntalipia spoku tu, kufunga ni bure. Laiti ningeulizwa mwanzo ningesubiri wiki ya sita bila neno.

Pesa: kufungua na kuhudumia habu 1,500, krenki na kotapini na golori 900, tairi mbili na tyubu 2,400, spoku na kufunga magurudumu yote mawili 2,000, vipira vya breki 300, na usafi wa fremu, kromu, kava ya cheni, kiti na mengine yote 2,700. Jumla 9,800. Kuna watu wameniambia ningeongeza kidogo nikanunua mpya. Nimezishika hizo mpya za bei hiyo. Bomba lake ukiligonga kwa kucha lalia kama kopo la maziwa, krenki zapinda mwaka wa kwanza, na hakuna sehemu hata moja ambayo fundi wa mwaka 2070 atataka kuifungua.

Nilipofika nayo nyumbani sikupiga kengele. Niliingia na ule uchochoro wa pembeni, giya ya tatu, habu yapiga ile tik tik tik yake. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Akatoka na mikono yake myeupe ya nazi akasimama mlangoni, hakusema kitu, akaishika hendobari akaipapasa.

Nyota ningempa nne na nusu, hiyo nusu atairudisha siku spoku zikija. Mkienda pelekeni na vipuri vyenu vyote vya asili hata vilivyovunjika, msitupe kitu, manake vingi avifufua, na ukifika Ijumaa mchana utakuta kumefungwa.

Na kama kuna mtu ana raba za pedeli za Raleigh, zile za vipande viwili viwili, ama ile taa ya mbele ya duara ya Dynohub hata kama kioo kimepasuka, mimi nina rimu mbili za Westwood, zile za breki za fito, za 28 nzima kabisa na kerieri ya nyuma ya kubadilishana. Jumamosi niko pale kivulini kuanzia alasiri.